Gredi ya Tatu Niliyoitangaza Kabla ya Kuipata

Sehemu ya sita

Kwa aliyelikosa gazeti la wiki iliyopita, nampa kwa ufupi: mimi ni mwongo.

Naitwa Rogasian. Nalima ndizi na kahawa Bweranyange, nina miaka arobaini na tisa. Shule niliiacha darasa la tano. Sikufukuzwa. Ng'ombe wa baba walinihitaji kuliko mwalimu wa hesabu, na huko machungani nikajifunza kupuliza filimbi ya mwanzi mpaka watu wakawa wananiita kwenye harusi zao bila kuniuliza nimesomea wapi.

Mpaka alipokuja Placidius.

Placidius ni baba wa kijana anayemwoa binti yangu Vero. Ni mtu wa Bukoba, alikuwa mtumishi wa serikali, akastaafu pamoja na mafaili yake. Sasa ni katibu wa kamati ya muziki ya parokia huko mjini Kayanga. Hapigi kinanda, hapigi ngoma, haimbi. Kazi yake ni kuwakagua wanaopiga.

Siku ya posa, Vero alisema mbele ya wazee kwamba ataingia kanisani akisindikizwa na filimbi yangu, kwa wimbo ambao marehemu mama yake, Stephania, alikuwa akiuimba wakati wa kuchuma kahawa. Wanawake wakafuta macho. Placidius akafungua faili.

"Mkwe," akaniambia, "kamati imepitisha azimio. Hakuna chombo kanisani bila cheti cha mtihani wa muziki, kuanzia Gredi ya Tatu. Wewe unayo?"

Sebule nzima ikanigeukia. Vero akanitazama kwa macho yale yale ya mama yake.

"Ninayo," nikasema.

"Ulifanyia wapi?"

"Bukoba."

"Mwaka?"

"Elfu mbili kumi na tisa."

Niliutaja mwaka huo kwa sababu ndio pekee niliowahi kulala Bukoba. Nilikuwa nimempeleka Stephania kwa daktari. Filimbi niliiacha nyumbani imening'inia msumarini.

"Safi kabisa," Placidius akasema huku akiandika. "Kilete nikione kabla ya harusi. Bila hivyo tutatumia kinanda cha umeme, kina nyimbo mbili za harusi zimeshahifadhiwa humo ndani."

Ndipo nikamkimbilia Mwalimu Allen, binti wa miaka ishirini na sita anayefundisha muziki kwenye sekondari moja upande wa Nyakahanga. Akanisajili kimyakimya kwa mtihani wa Gredi ya Tatu, akaniazima filimbi yake ya Kizungu, ile ya chuma inayopulizwa kwa ubavu. Mpango wangu ulikuwa mwepesi: nifanye mtihani, nipate barua ya matokeo, kisha nimwambie mkwe kwamba cheti cha zamani kililiwa na mchwa. Mchwa hawaitwi kutoa ushahidi.

Wiki iliyopita niliishia pale Mwalimu Allen aliponiambia nipige skeli, zile sauti nane za kupanda na kushuka, nami nikaipiga mara moja tu, ikanyooka, nikajisifu.

Sasa endelea.

"Shikamoo baba," Mwalimu Allen alinisalimu siku ya pili.

"Marahaba mwalimu."

"Jana umenipigia skeli ya C meja, nzuri sana. Leo nipigie F meja."

Nikaweka filimbi mdomoni, nikapiga. Do, re, mi, fa, so, la, ti, do. Nikarudi chini. Nikamwangalia.

"Baba, hiyo ni C tena."

"Nimepiga do re mi fa."

"Ndiyo. Ya C."

"Mwalimu, kwani ziko ngapi?"

Akakaa kwenye benchi. Nikajua kuna msiba.

Naomba mnielewe. Sisi tuliokulia kwaya za vigangoni, skeli tunaijua kwa do re mi. Mwalimu wa kwaya anaguna sauti ya kwanza, hiyo ndiyo do, tunaanza. Ikiwa juu sana akina mama wanalalamika, anashusha, do inakuwa pale aliposhushia. Hakuna aliyewahi kutuambia do ina anwani. Kwangu mimi skeli ilikuwa moja duniani, na nilikuwa nimeshaimaliza.

"Kwenye F," Mwalimu Allen akasema taratibu, "do imehamia F."

"Imehama?"

"Imehama, baba."

"Na vidole?"

"Vidole navyo vinahama. Kuna shapu zinazopandisha sauti na flati zinazoishusha. Kila skeli na zake. Za Gredi ya Tatu zipo sita, na moja ni maina."

"Maina ndiyo nini?"

Akanipigia. Nikasikiliza mpaka mwisho.

"Hii ni meja iliyofiwa," nikasema.

Akacheka hadi akashika ubavu, kisha akaniambia nisirudi mpaka niwe na tatu kichwani.

Kichwa changu hakikariri maandishi. Ila njia nazikariri. Nikaamua shapu ni kilima na flati ni bonde. G meja ikawa njia ya kwenda kisimani, ina kilima kimoja karibu na kufika. D meja ikawa njia ya Kituntu, vilima viwili. F meja ikawa njia ya kwa shemeji zangu, bonde moja baya katikati, ukilisahau unaanguka nalo. Nikazipitia njia zote hizo kwa filimbi kila asubuhi nikiwa nimesimama katikati ya migomba.

Siku ya nne jirani yangu Jovitus alitokea kwenye mpaka wa shamba, panga mkononi.

"Rogasian."

"Naam."

"Huo wimbo hauna mwisho?"

"Si wimbo. Ni skeli."

"Unapanda, unashuka. Unapanda, unashuka. Umepoteza nini huko juu?"

"Ni mtihani, Jovitus."

"Mtihani wa nini, na filimbi unaijua kabla mimi sijaoa?"

"Wa kuthibitisha kwamba naijua."

Jovitus akafikiri. "Basi na mimi nikafanye mtihani wa kulima," akasema. "Nikifeli nitamwachia nani shamba?"

Jumapili yake kina mama wa jumuiya walifika nyumbani na rozari. Waliambiwa mume wa marehemu Stephania amechanganyikiwa, anarudia sauti nane kutwa nzima. Nikawaacha wasali. Kwa kweli nilihitaji.

Baada ya wiki nne nilikuwa na zote sita. Polepole, lakini zote. Mwalimu Allen akasema, "Baba, unapita." Vero, ambaye alijua tu kwamba najiweka sawa kwa ajili ya harusi, alinishonea mfuko wa filimbi kwa kipande cha kitenge cha mama yake. Nilipouvaa begani sikuweza kumtazama.

Siku ya mtihani nilipanda bodaboda alfajiri. Harusi ilikuwa Jumamosi ya wiki inayofuata. Mwalimu Allen alikuwa ameniambia kwamba mlangoni atakuwepo mwalimu mmoja mgeni wa kuita majina, mtu asiyenijua mimi wala mkwe wangu.

Nikafika ukumbi wa parokia, Kayanga. Mlangoni, nyuma ya meza, na kalamu nyekundu sikioni, amekaa Placidius.

"Mkwe!" akaita kwa furaha. "Yule mwalimu ameumwa tumbo, nimejitolea. Karibu sana. Umekuja kusikiliza vijana?"

Ningesema ndiyo, ningekosa mtihani. Ningesema hapana, ningejimaliza. Filimbi ilikuwa begani, kitenge kinang'aa.

"Nimekuja... mara moja," nikasema.

Lakini yeye macho yalishashuka kwenye orodha. Kidole kikapita majina, kikasimama.

"Rogasian. Filimbi. Gredi ya Tatu." Akainua uso. Akakunja paji.

"Hawa watu wa bodi ya mitihani," akasema kwa uchungu, "ni wazembe kupita kiasi! Mtu ana Gredi ya Tatu tangu elfu mbili kumi na tisa, wanamwandikia Tatu tena? Wewe umekuja kufanya ya Nne, si ndiyo?"

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Nawaapia wasomaji, nilikuwa nimeamua. Niliufungua mdomo kusema, "Mkwe, mimi sina cheti chochote, hata cha ubatizo sijui kilipo."

Mdomo ukiwa wazi, mkewe, Mama Sperancia, akatokea ubavuni kwangu na kikapu kidogo.

"Mkwe wangu, karibu kahawa."

Kahawa ya kutafuna. Ile tunayoichemsha na maganda yake na kuikausha. Kwetu mgeni hakai kabla ya kahawa, na anayempa mkwe wake anasubiri aione ikitafunwa. Ukiikataa umeikataa nyumba yake, na Vero ndiko anakokwenda kuishi.

Nikachukua mbili.

"Ongeza, baba, mbili ni za mtoto."

Nikaongeza. Nikaziweka mdomoni zote. Na mbele ya mkwe wa kike, mtu mzima haongei na mdomo uliojaa. Nikasimama pale natafuna, nikimwangalia Placidius akitoa ile kalamu nyekundu sikioni, akikata "Tatu" kwa rula, akiandika "Nne", na kuweka alama ya vema pembeni.

"Nimekurekebishia," akasema, akaipeleka orodha ndani kwa mtahini, akarudi.

Nikaitikia kwa kichwa.

"Rogasian!" sauti ikaita kutoka ndani.

Mtahini alikuwa mama mmoja mnene wa miwani, anaitwa Ainebyona, kwao upande wa pili wa mpaka, Mbarara. Alikaa nyuma ya meza iliyofunikwa kwa kitambaa cha altare, kinanda kulia kwake, chupa ya chai kushoto.

"Karibu, mzee. Tuanze na skeli." Akanitazama vizuri. "Unatafuna nini?"

"Kahawa, mama."

"Ya nani?"

"Ya mkwe."

Akashusha kalamu. "Ya mkwe haitemwi," akasema. "Maliza. Nangoja."

Nilitafuna nikiwa nimesimama wima kama askari. Zilizobaki nikazisogeza shavuni.

"Gredi ya Nne," akasoma. "Nipe A flati meja."

Nikahesabu. Mwalimu Allen aliwahi kuitaja kwa mzaha: mabonde manne. Mimi bonde nililokuwa nalo ni moja, la kwa shemeji zangu. Njia hii sikuwahi kuipita, sikujua hata inaanzia kijiji gani.

"Mama," nikasema, "naomba do."

"Unaomba nini?"

"Pale inapoanzia tu. Nigunie. Kufika nitafika mwenyewe."

Alinikodolea macho juu ya miwani. Nilidhani ananifukuza. Kisha akanyoosha kidole, akagusa kinanda mara moja.

Nikaitafuta sauti ile kwenye chuma. Nikaipata. Nikafumba macho, nikasahau vilima na mabonde, nikaimba moyoni kama ninavyoimba kigangoni: hii ni do, mimi niko nyumbani. Nikapanda. Re ikaja. Mi ikaja. Kwenye fa nikapuliza, kikatoka kipande cha ganda la kahawa, kikaruka, kikatua kwenye kitambaa cha altare.

Tukakiangalia wote wawili.

"Endelea," akasema.

Nikaendelea. Kwenye ti nilikosea, nikasikia nimekosea, nikarudi, nikaisahihisha. Nikafika juu. Nikashuka. Ilikuwa polepole kuliko maandamano ya Ijumaa Kuu, lakini nilifika.

"E meja."

"Do, mama."

Akaigusa. Nikapanda, nikashuka.

"C shapu maina."

"Ile iliyofiwa?"

Akakohoa, nadhani alikuwa anacheka. "Hiyo hiyo."

Iliyofiwa haikunipa shida. Naijua tangu mwaka nilipotoka Bukoba peke yangu.

"Nani amekufundisha hivi?" akauliza.

"Kwaya, mama. Na ng'ombe."

Akaandika kwa muda mrefu. "Muziki wa hiari?"

Nilikuwa nimeandaa kipande alichonichagulia Mwalimu Allen, chenye jina la Kizungu na vidole vingi. Sijui kwa nini sikukipiga. Nilipiga wimbo wa Stephania, kama alivyokuwa akiuimba mwenyewe kwenye kahawa, bila kujua kuna mtu anasikiliza upande wa pili wa mti. Nilipomaliza, nje kwenye foleni hata wale vijana wenye fidla zao walikuwa wameacha kukwaruza.

Ainebyona alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Mzee, nitakwambia ukweli. Skeli zako zinatembea kama mtu anayetafuta viatu vyake chini ya kitanda. Lakini anavipata. Nimesikiliza watu mwezi mzima, wanapiga haraka, hawajui wanakwenda wapi." Akachukua karatasi. "Nakupitisha."

"Gredi ya Tatu?"

"Si umeandikwa ya Nne? Ya Nne."

Niliona kanisa. Niliona Vero anaingia. Nilimwona Jovitus kiti cha mbele akisema, kumbe huu una mwisho. Nilitaka kumbusu yule mama mkono, ila mkono wangu ulikuwa na mate na maganda.

"Kitu kimoja kimebaki," akasema. "Anayefanya ya Nne lazima awe na ya Tatu. Hapa nahitaji namba ya cheti, au saini ya kiongozi aliyekiona kwa macho yake."

Kanisa likatoweka.

"Mama, kuhusu hicho cheti..." nikaanza.

"Katibu!" akaita.

Placidius akaingia, amenyooka, koti limefungwa vifungo vyote.

"Huyu mzee unamfahamu?"

"Ni mkwe wangu. Mtoto wake anaolewa na wangu Jumamosi ijayo."

"Ana cheti cha Gredi ya Tatu?"

"Anacho."

"Umekiona?"

Placidius ndiye mtu aliyemrudisha mpiga ngoma wa miaka themanini nyumbani kwa sababu karatasi yake ilikuwa na doa la mafuta. Yeye ndiye aliyemwomba padri mgeni kitambulisho kabla ya misa. Sasa alitazama fomu. Akatazama orodha mezani, ile "Tatu" aliyoikata kwa rula na alama yake nyekundu ya vema. Kusema hakukiona ni kusema alibadilisha orodha ya bodi kwa maneno ya mdomoni.

"Nimekiona," akasema.

"Mkwe..." nikanong'ona.

"Nimekiona!" akarudia, akachukua kalamu, akasaini. Saini ndefu, yenye mkia, na chini yake akaandika cheo chake chote. Kisha, kwa kuwa hajui kuacha nafasi wazi kwenye fomu, akajaza na sehemu ambayo hakuulizwa: Bukoba, 2019.

Kwa mbali nikasikia bodaboda inasimama nje, na sauti ya Vero ikimuuliza Mama Sperancia, "Shikamoo mama. Baba amepita hapa na filimbi?" Nikamsikia Mama Sperancia, aliyekuwa ametega sikio mlangoni, akimjibu kwa sauti ya kutangaza, "Amepita mwanangu! Gredi ya Nne! Njoo utafune kahawa!"

Ainebyona aliivuta fomu karibu. Akaisoma. Akaisoma tena, safari hii kidole kikiwa juu ya mwaka.

"Elfu mbili kumi na tisa," akasema. "Bukoba."

"Ndiyo," akajibu Placidius.

"Mwaka huo mtahini wa Bukoba nilikuwa mimi. Wa filimbi Gredi ya Tatu walikuwa saba, nawakumbuka mmoja mmoja."

Akanitazama kuanzia viatu mpaka masharubu.

"Wote walikuwa masista."

Nyayo za Vero zilikuwa zinakuja mbio ukumbini. Placidius akanigeukia, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakuwa na faili mkononi. Wino wa saini yake ulikuwa bado haujakauka.